Wasomaji Wanauliza: Bwawa la samaki uwani bila kumaliza akiba

Mwezi huu barua zimekuja nyingi toka Unguja na Pemba na karibu zote zinauliza jambo moja, mtu ana kiuwa nyuma ya nyumba, ana pesa kidogo, anataka bwawa la samaki na hajui aanzie wapi. Nimechagua chache ambazo nikizijibu naamini wengine pia watapata majibu yao humo humo.

Asalaam aleikum kaka. Mie nakaa Fuoni, nna uwa kama mita 8 kwa 6, nataka bwawa dogo la perege wa kula nyumbani na wakizidi niwauzie majirani. Mume wangu kaleta turubai la bluu, lile la kufunikia mchanga, anasema linatosha. Na vijana wa kuchimba nishawapata, wako tayari kuanza wiki hii. Wachimbe? – Mama wa Fuoni

Waaleikum salaam dada yangu. Vijana wasubirishe kwanza, tafadhali. Watu wengi pesa zao zinapotelea hapa, mtu anachimba shimo kwa jinsi roho inavyomtuma, afu ndo anakwenda dukani kutafuta karatasi la kutandika, anakuta karatasi zina upana wake maalum na shimo lake limezidi nusu mita. Sasa ama anunue kubwa zaidi akate lipotee, ama aunganishe vipande viwili na pale penye kiungo ndo maji yatapopitia. Kwaiyo mwendo wake ni huu, kwanza jua udongo wako, pili nenda dukani uulize upana wa karatasi, tatu ndo uchore shimo. Jembe linakuja mwisho.

Turubai la mume wangu wako, eh samahani, la mumeo, mwambie kwa upole alitumie kazi nyengine. Turubai lile limefumwa kwa nyuzi afu likapakwa plastiki nyembamba juu, pale linapokunjwa linapasuka taratibu na jua letu la kaskazi linalimaliza upesi. Utaweka vifaranga, watanenepa, afu siku moja unaamka maji yako chini. Linalofaa ni karatasi nene jeusi ambalo wauzaji wanaliita damlaina, uliza la milimita 0.5 na kuendelea, hilo limetengenezwa kustahamili jua. Ni ghali kuliko turubai, sikufichi, lakini mambo mengine yote nitakwambia namna ya kubana matumizi, hapa usibane.

Hesabu ya karatasi ni rahisi. Chukua urefu wa bwawa, ongeza kina mara mbili, afu ongeza mita 1 ya kubakia kingoni, yaani nusu mita kila upande. Upana fanya hivo hivo. Tuseme unataka bwawa la mita 4 kwa 3, kina mita 1: urefu wa karatasi ni 4 na 2 na 1, mita 7, upana 3 na 2 na 1, mita 6, jumla mita za mraba 42. Sasa igeuze hesabu, kama dukani karatasi lina upana wa mita 6, toa 1 ya kingo, toa 2 za kina, bwawa lako upana wake ni mita 3, basi, limeshapangwa na duka. Na ukipata jirani naye anataka, nunueni roli pamoja mgawane, maana kipande kinachokatwa rejareja kila siku bei yake inakuwa juu.

Kina usipunguze chini ya sentimita 80. Najua kuchimba ni kazi lakini maji mafupi yanachemka mchana, na maji ya moto hayashiki hewa, samaki wanakuja juu kutwetea alfajiri. Kuta za shimo zisisimame wima, zilaze kidogo, kwa kina cha mita 1 chini pawe pembamba kwa nusu mita kila upande, udongo hautabomoka upesi. Bwawa hilo likijazwa mpaka sentimita 10 chini ya ukingo linachukua maji kama lita 7,700 hivi, sio 12,000 kama fundi atavokwambia akizidisha 4 kwa 3 kwa 1 bila kufikiria ule mlalo.

Kingo zote lazima ziwe sawa. Chukua mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, ule wanaotumia mafundi wa nyumba, utie maji, upeleke huku na huku. Upande mmoja ukiwa chini kwa sentimita 10 tu basi bwawa zima umelipunguza sentimita 10 na karatasi la upande wa pili linabaki linaungua na jua bure.

Kabla ya kutandika, pita kwa mkono, kwa mkono dada sio kwa mguu, ung'oe kila jiwe, kigae, mzizi, kichupa. Afu weka tandiko la chini na hapa ndo pa kubana pesa kwa raha zako: magunia chakavu, zulia bovu, mikeka iliyokwisha, viroba vya saruji vilivyokung'utwa, juu yake mchanga laini kama sentimita 5. Hivyo vyote majumbani vipo vinatupwa. Karatasi litandike mchana jua likiwa kali maana linalainika, mtu asiingie na viatu, pembeni ulikunje kama unavyokunja shuka kwenye pembe ya godoro, usilikate. Tia maji kidogo kidogo huku mnavuta mikunjo. Kingo usizifukie mpaka bwawa lijae kabisa kwa sababu uzito wa maji unalivuta karatasi chini, ukiwa umeshafukia litakazika na kupasuka. Likishajaa, chimba kimfereji sentimita 30 nyuma ya ukingo, tia ncha humo, fukia, shindilia.

Na perege kwa bwawa lisilo na mashine ya hewa weka 3 kwa kila mita ya mraba, yaani kama 36 kwa hilo lako. Watu wanaweka 200 kwa tamaa, afu wanapata samaki wa kidole. Omba vifaranga madume watupu kama wapo, ukichanganya na majike wanazaana haraka mno bwawa linajaa vitoto na hakuna anayekuwa. Kwa chakula cha kutosha, miezi 6 hadi 8 unaanza kuvua.

Kaka huku kwetu Jambiani ni uwanda mtupu, sururu ikipiga inatoa cheche. Maji ya kisima yana chumvichumvi. Nisahau habari ya bwawa? – Kijana wa Jambiani

Usisahau mwanangu, lakini usichimbe. Mwamba wa matumbawe kwanza ni gharama kuuvunja, pili una matundu na mapango ndani, maji hayakai hata kidogo, na tatu ncha zake ni kali zitalitoboa karatasi. Nyinyi wa uwanda, toka Makunduchi, Jambiani, Paje mpaka huko Michamvi, mnajenga juu ya ardhi.

Mawe mnayo bure, mafundi wa kuta za mawe mnao. Jenga hodhi mita 3 kwa 2, ukuta wa mawe unene sentimita 40 hivi, kimo sentimita 80, ndani upige lipu ya kusawazisha tu ili pasiwe na ncha, sakafuni mwaga mchanga, magunia juu yake, afu damlaina. Karatasi litakuwa kama mita 5.2 kwa 4.2, hapo nimehesabu na ncha za sentimita 30 za kukunjia juu ya ukuta. Kwa sababu karatasi ndo linaloshika maji, ukuta hauhitaji saruji ya bei, kazi yake ni kusimama imara tu. Lakini hiyo imara isichukuliwe mchezo, maji ya mita 1 ya ujazo ni tani 1, hodhi hilo likijaa lina karibu tani 5 zinasukuma nje mchana na usiku. Ukitumia matofali ya inchi 6 yalaze usiyasimamishe, na ukiweza jenga duara maana duara halina pembe ya kufunguka. Minazi mikongwe iliyoangushwa pia inafaa kuwa fremu, magogo yakipangwa na kufungwa vizuri, ila mchwa watakuja kudai chao baada ya muda.

Chumvichumvi isikutishe, perege anastahamili chumvi kiasi, kinachomsumbua ni kubadilishiwa ghafla. Vifaranga vikitoka kwenye maji matamu changanya maji yako kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Maji ya kisima yakitoka tu hayana hewa ya kutosha, yamwage kwa juu yarukeruke kabla hujatia samaki. Kuhusu mwatiko, najua mtaniuliza maana pwani hapo vifaranga vyake wanavichota ufukweni, huyo ni samaki wa mabwawa makubwa ya maji ya bahari kule kwenye mikoko, kwenye hodhi la mita 3 utamtesa tu.

Mie niko Pemba, karibu na Wete, shamba langu liko bondeni pembeni ya mpunga. Udongo ni kinamo, ule wa kufinyangia. Mzee mmoja kaniambia sihitaji karatasi wala saruji. Ni kweli? Na wakati wa masika maji yanapanda yenyewe. – Mkulima wa bondeni

Mzee huyo msikilize. Kinamo ni karatasi uliyopewa na Mungu bila kulipia. Ila pima, usiamini macho. Chukua udongo wa kina cha nusu mita, uloweshe, ufinyange tonge, lirushe juu kimo chako ulidake, likikaa zima ni dalili njema. Afu uusokote uwe kamba nyembamba kama kalamu, ukiweza kuupinda bila kukatika basi una kinamo cha kweli. Kipimo cha mwisho ni shimo, chimba mpaka kiunoni, ulijaze maji jioni, asubuhi yatakuwa yamepungua kwani udongo umekunywa, lijaze tena, na safari hii ukirudi siku ya pili sehemu kubwa ya maji bado yapo, hapo panafaa. Kwenye kinongo au kichanga maji yatakuwa yameshakwenda zao.

Kama kinamo kiko sehemu moja tu ya shamba, kibebe ukipake kwenye shimo, unene usipungue sentimita 30, na usimwage mara moja, tandaza sentimita 15, lowesha, kanyaga, twanga kwa gogo, afu tandaza nyengine. Vijana wa skuli wakiwa likizo waiteni wakanyage, ng'ombe pia akizungushwa humo anafanya kazi hiyo vizuri sana. Ukimaliza tia maji haraka, kinamo kikikauka juani kinapasuka nyufa na kazi yote inarudi mwanzo. Ndo maana bwawa la udongo ukilivua samaki usiliache kavu muda mrefu.

Sasa hiyo habari ya masika ndo nzito kwako. Pahala ambapo maji ya chini yanapanda, asikushawishi mtu kuweka damlaina. Maji yataingia chini ya karatasi yatalinyanyua lote katikati ya bwawa, utaliona limevimba juu na samaki wamekwama kwenye mikunjo. Wewe chimba kidogo tu, nusu mita, udongo unaotoka upandishe tuta pembeni, tuta lishindiliwe kwa tabaka na liwe pana chini kuliko juu, lipite usawa wa maji ya mafuriko ya bonde lenu. Weka paipu ya inchi 2 juu karibu na ukingo ya kutolea maji ya mvua yaliyozidi, mdomo wake ufunge kipande cha chandarua kibovu, bila hivo samaki wako watakula mpunga wa jirani. Chimba wakati wa kiangazi, Januari au Februari, ukisubiri Machi unachimba tope.

Nimejenga hodhi la saruji Bububu, zuri, nikatia maji, nikatia vifaranga siku ile ile, asubuhi wote wamekufa wanaelea. Nani kaniroga? – Aliyevunjika moyo

Pole sana yakhe, wallahi inauma. Hakuna aliyekuroga, ni saruji mpya. Saruji inapokaa na maji inatoa chokaa, maji yanakuwa makali kiasi cha kuunguza mashavu ya samaki, na ukigusa utahisi yanateleza mkononi kama yana sabuni. Hodhi jipya lijaze, liache wiki nzima, mwaga, sugua kuta kwa brashi, jaza tena, na urudie mara tatu hivi. Watu wengi wanatumbukiza vigogo vya mgomba vilivyokatwakatwa humo wakati wa kuloweka na wanasema vinasaidia, vitie tu havina ubaya, ila vitoe kabla havijaoza na visiwe badala ya kumwaga maji. Kuna vikaratasi vya kupimia ukali wa maji (pH), vinauzwa maduka ya dawa za mifugo na penye mabwawa ya kuogelea, unatafuta iwe kati ya 6.5 na 9. Kama huna, tia samaki wawili watatu tu uwaangalie siku mbili kabla ya kuleta wote.

Na kama maji yako ni ya bomba la ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, yaache wazi juani siku mbili kwanza dawa itoke, hata kwenye bwawa la karatasi, hata kama ni maji ya kuongezea tu kwa wingi.

Bwawa langu la damlaina hapa Mwera linapungua maji kila siku. Nilitoe karatasi lote nilitizame? – Msomaji wa Mwera

Usitoe kitu. Kwanza jua kama linavuja au jua ndo linakunywa, maana wakati wa kaskazi upepo na jua vinaweza kuondoa nusu sentimita kwa siku na zaidi. Chukua ndoo, itie maji, isimamishe ndani ya bwawa juu ya tofali lililofungwa gunia, maji ya ndoo yawe usawa mmoja na maji ya nje. Tia alama ndani ya ndoo na nje. Baada ya siku moja angalia, kama yote yamepungua sawasawa ni jua, kama ya bwawani yamepungua zaidi linavuja.

Likivuja, acha liendelee kushuka bila kuongeza (ila samaki wahamishe wakianza kubanwa). Pale litakaposita, tundu liko usawa huo huo, zunguka na vidole kwenye mstari wa maji utalipata, mara nyingi ni kwenye mkunjo au penye jiwe uliloliacha. Kabla ya yote lakini angalia kingo, nimeona watu wanahangaika na tundu kumbe ukingo umekaa chini upande mmoja na maji yanapita juu taratibu. Kuziba, damlaina nyeusi ngumu haishiki gundi ya viatu wala solusheni ya baiskeli, utabandika leo kesho imebanduka. Inaunganishwa kwa moto na fundi mwenye mashine ya hewa ya moto, kwaiyo ukinunua omba kabisa kipande cha akiba. Ukiwa na ile laini ya PVC, hiyo ina gundi yake na inashika vizuri.

Jirani yangu hapa Chake anasema bwawa langu litatuletea mbu, anataka kunipeleka kwa sheha. Na mama mkwe anaogopa watoto. Nao kunguru wananimalizia samaki. Nisaidie baba. – Mama Chake

Mwanangu, jirani yako usigombane naye, hofu yake ni ya haki. Visiwa hivi vimepambana na malaria miaka mingi mpaka ikashuka sana, hakuna anayetaka kurudi nyuma. Mwite aje aone. Bwawa lenye perege halina viluwiluwi vingi vya mbu, samaki wanavila hasa wakiwa wadogo. Mbu wanazaliana kwenye vifuu, mataira, makopo na kwenye bwawa lililochimbwa likaachwa na maji bila samaki. Kwaiyo siku unayojaza maji usikae wiki tatu unasubiri vifaranga, tia hata perege wachache wa kulinda, na majani ya pembeni yanayoingia majini yakate.

Mama mkwe naye ana haki na huyu ndo wa kumsikiliza kuliko wote. Mtoto wa miaka miwili maji ya nusu mita yanamtosha kuondoka. Zungusha ua wa fito au wa mabati chakavu kimo cha kifua, mlango uwe na komeo juu, kabla hujatia tone la maji. Ila ua usipande mnyaa karibu na bwawa, maziwa yake ni sumu ya samaki na zamani ndo wakivulia kwenye vidimbwi, hali kadhalika mmea wa utupa. Majani ya mwarobaini nayo yasidondokee majini.

Kunguru, yangeyange na mdiria dawa yao ni wavu. Nyavu kuukuu za wavuvi zinapatikana kwa bei ya chini sana pale zinaposhonewa, tandaza juu ya fito kimo cha nusu mita juu ya maji, usiuache ukalegea mpaka ukagusa maji. Kenge anakuja kwa chini, kwaiyo wavu ushuke mpaka ardhini na ufukiwe. Mpaka wavu upatikane, watupie samaki vipande vya paipu pana au magae ya chungu kilichovunjika chini ya bwawa wawe na pa kujificha, kingo zake zisiwe kali zikakutobolea karatasi, na lisha wakati wa magharibi kunguru wameshakwenda kulala.